Mfuatano wa Sinema na Mfuatano wa Santuri

Makusudi ya makala haya ni kueleza kazi moja inayofanywa na wapenzi wa muziki wa sinema, kazi ambayo kwa sura yake ya nje ni ya kujifurahisha tu, lakini kwa undani wake ni kazi ya uhariri wa matini. Mtu hununua santuri yenye muziki wa filamu aliyoitazama. Huisikiliza, akaona kwamba muziki haufuati hadithi kama alivyoijua. Lililotukia mwishoni limetangulizwa, lililotukia mwanzoni limesukumwa mbali, na baadhi ya yale aliyoyasikia ukumbini hayamo kabisa. Basi mtu huyo huanza kupanga upya. Huhamisha, hukata, huunganisha, mpaka santuri iende sambamba na filamu. Swali linaloulizwa hapa ni hili: akimaliza kazi hiyo, je, amekirudisha kitu mahali pake pa asili, au amefanya toleo jipya?

Kabla ya kuendelea yafaa kutenga maneno matatu, maana bila ya kuyatenga mjadala wote hupotea. Katika makala haya, kipande ni muziki uliotungwa kwa ajili ya mahali pamoja katika filamu, uwe wa sekunde 20 au wa dakika 5. Fungu ni kile kinachosikika santurini kama kitu kimoja chenye jina lake na mwanzo wake na mwisho wake. Fungu moja laweza kuwa na vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa. Lahani ni mfululizo wa sauti unaotambulikana na kurudiwarudiwa, ambao mtunzi huuambatanisha na mtu, mahali au wazo. Wengi huchanganya kipande na fungu, na karibu kila kosa la upangaji hutokana na mchanganyo huo.

Mfano utakaofuatwa hapa ni ule wa filamu Star Wars ya George Lucas, iliyotolewa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Muziki wake ulitungwa na John Williams, ukapigwa na London Symphony Orchestra chini ya uongozi wa mtunzi mwenyewe, na kurekodiwa Denham, Uingereza, mwezi wa Machi mwaka huo huo. Santuri yake ilitolewa na 20th Century Records mwaka 1977, nayo ilikuwa ya sahani mbili, yaani pande nne, zenye mafungu 16 na muda wa dakika 75 hivi. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa ni ukarimu mkubwa. Santuri nyingi za muziki wa sinema zilikuwa za sahani moja, na si chache zilizokuwa na nusu saa tu. Sababu moja ni kwamba katika Marekani mikataba ya chama cha wapiga muziki ilidai malipo mapya pale muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu ulipohamishiwa santurini.

Hadithi ya filamu hiyo, kwa wasioijua, ni nyepesi kuisimulia. Binti mfalme Leia anashambuliwa angani na majeshi ya dola. Anaficha ujumbe ndani ya roboti. Roboti inaangukia jangwani, inakamatwa na wachuuzi wadogo wenye kofia za nguo, inauzwa kwa jamaa za kijana Luke. Kijana anauona ujumbe, anatazama majua mawili yakitua huku moyo wake ukitamani safari, anakutana na mzee Ben Kenobi, anarudi nyumbani na kukuta nyumba imeteketezwa. Wanakwenda mjini, wanapata chombo, wanaruka. Wananaswa ndani ya ngome ya adui, wanamwokoa Leia, karibu wasagwe na kuta zinazosogeleana, mzee anauawa, wao wanatoroka. Mwisho kuna vita na sherehe ya ushindi.

Santuri ya 1977 inaanza vema: muziki wa kufungulia, kisha shambulio la dola. Fungu la tatu ni lahani ya Leia, nalo si kipande cha filamu hata kidogo. Ni utungo wa jukwaani ambao Williams aliuandika akiikuza lahani hiyo kwa zaidi ya dakika 4. La nne laturudisha jangwani. Kisha santuri inageuzwa, na jambo la kwanza upande wa pili ni kifo cha Ben! Baada ya kifo hicho ndipo wachuuzi wadogo wa jangwani wanapoonekana wakifanya kazi yao. Binti mfalme anaokolewa kabla ya bendi ya kilabuni kusikika, hali katika filamu mashujaa walipokuwa kilabuni hawakuwa na habari ya mahali alipofungwa. Upande wa tatu nyumba inateketea kwanza. Kuta zinasogeleana baadaye. Halafu, fungu la mwisho la upande huo, ndipo Leia anapotokea kwa mara ya kwanza katika taswira ya roboti na majua mawili yanapotua. Kijana amepoteza nyumba yake kabla hajatamani kuiacha.

Hata ndani ya fungu moja mambo hupinduliwa. Fungu liitwalo "Mouse Robot and Blasting Off" limeunganisha kipande cha ndani ya ngome na kipande cha kuruka kutoka mjini, na cha ngomeni ndicho kilichotangulia, ingawa katika filamu hakuna aliyeweza kufika ngomeni bila kwanza kuruka. Fungu la ufunguzi nalo limeshonwa: mwanzo wake ni muziki wa maneno yanayopanda katika kioo cha sinema, na sehemu yake nyingine imechukuliwa katika muziki wa majina ya watendaji mwishoni kabisa. Mwenye kudhani atapata mfuatano wa sinema kwa kuhamisha mafungu tu, bila ya kuyakata, atashindwa mlangoni.

Je, haya yalikuwa ni uzembe? Hapana. Williams aliipanga santuri kwa sikio la mtu aliyeketi nyumbani pasipo picha. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika 20 na ushei, kisha hapana budi mtu ainuke, aigeuze. Kila upande basi wahitaji kufungua kwa nguvu na kufunga kwa namna fulani, mfano wa sura ya kitabu. Filamu haiyajui mahitaji hayo. Filamu yaweza kuwa na vipande vinne vya kunyatianyatia vinavyofuatana, kwa kuwa jicho lina kazi nyingine; sikio peke yake lingesinzia.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoweza kusaidia kueleza jambo ambalo lugha ya wanamuziki hulieleza kwa taabu. Chukua sentensi hii: Ali aliingia, akaketi, akanywa maji. Kiambishi -ka- hakisemi tu kwamba tendo limepita. Kinasema ya kuwa tendo hili limefuata lile, na kwamba linaegemea lile. Ukizigeuza shina zake, ukasema Ali alikunywa maji, akaketi, akaingia, hukupanga upya sentensi ile ile. Umesimulia habari nyingine. Lakini ukisema: Ali aliingia, Ali aliketi, Ali alikunywa maji, kila sentensi yasimama kwa miguu yake, nawe waweza kuzipanga vinginevyo bila ya kusema uwongo, ingawa mkazo utabadilika. Kiambishi -li- huweka jambo katika wakati uliopita na kuliacha hapo. -Ka- hulifunga kwa mwenzake.

Muziki katika filamu umetungwa kwa namna ya -ka-. Kipande huanza pale kilipoachia kilichotangulia. Huchukua lahani iliyokwisha kusikika na kuinyambua, kama mzizi wa kitenzi unavyonyambuliwa, kwa kutegemea kwamba msikilizaji anaukumbuka mzizi. Kwa hiyo kipande kilichong'olewa mahali pake kina kasoro ile ile ya sentensi inayoanza na akaketi: nani, na baada ya nini? Alichokifanya Williams santurini ni kuvigeuza vipande vya -ka- kuwa mafungu ya -li-. Aliviunganisha viwili viwili ili kila fungu liwe na kiini cha kutosha, akatia utungo kamili wa Leia ambao hauegemei chochote, kisha akawa huru kuyapanga atakavyo.

Na uhuru huo aliutumia kwa akili. Mfano bora ni kifo cha Ben. Mzee anapouawa, lahani inayovuma kwa nguvu si ile inayohusishwa na mzee mwenyewe, bali ni lahani ya Leia. Wengi wameshangaa. Williams ameeleza ya kuwa aliichagua kwa sababu ya upana na hisia za lahani yenyewe, si kwa sababu Leia ndiye mhusika wa tukio. Katika filamu, mpaka kufika hapo, mtazamaji ameisikia lahani hii kwa vijisehemu tu, kwa sauti ya chini, hasa pale taswira ya Leia inapoomba msaada. Mlipuko wake wakati wa kifo ni jambo la ghafula. Santurini mambo ni vingine: msikilizaji amekwisha kupewa utungo mzima wa Leia katika fungu la tatu, akausikia ukikua mpaka kilele, fungu la tano ndilo la kifo cha Ben. Lahani ingali masikioni. Mfuatano wa santuri, ambao kwa hadithi ni wa ovyo, kwa lahani hii umemwandaa msikilizaji vizuri kuliko filamu yenyewe. Apangaye upya hulivunja daraja hilo, na mara nyingi hajui kwamba lilikuwapo.

Walakini mfuatano wa sinema nao una haki zake, tena kwa mchunguzi ni haki kubwa. Lahani ya Ben, ambayo pia ni lahani ya ile nguvu isiyoonekana inayotajwa katika hadithi, husikika kwa baragumu ya faraja na huzuni majua yanapotua. Hurudi kwa uchungu kijana anapoiona nyumba imeungua. Mwishoni kabisa hupigwa kwa shangwe katika ukumbi wa sherehe. Hatua hizi tatu ni hoja moja. Katika santuri ya 1977 moto umetangulia machweo, na hoja imekatika: msikilizaji anaisikia lahani ikiwa imeumizwa kabla hajaisikia ikiwa nzima. Hakuna awezaye kuandika juu ya ukuzaji wa lahani za filamu hiyo kwa kutegemea santuri ile peke yake bila ya kupotoka, na yafaa kusema wazi kwamba waliojaribu walipotoka.

Ndiyo maana upangaji upya ulianza mapema, kwanza kwa mikanda ya kaseti, ambapo mtu alisimama na kidole juu ya kitufe akisubiri sekunde aijuayo. Baadaye kwa mashine za CD zilizoweza kuagizwa zipige mafungu kwa taratibu maalumu. Na baadaye tena kwa kompyuta, ambayo hukata bila ya kuacha kovu. Mwaka 1997, filamu ilipotolewa upya sinemani, RCA Victor walitoa toleo la CD mbili ambalo wahariri wake, Nick Redman na Michael Matessino, waliupanga muziki kwa mfuatano wa filamu kutoka katika mikanda ya kurekodia. Hapo kazi ya wapenzi ilifanywa na wenye mamlaka.

Lakini toleo hilo lenyewe ladhihirisha ugumu wa jambo hili. Utungo wa jukwaani wa Leia hauna mahali katika filamu. Ukifuata kanuni kwa ukali, utautupa. Wahariri hawakuutupa. Waliuweka mwanzoni mwa CD ya pili, mfano wa muziki unaopigwa baada ya mapumziko ya ukumbini. Ni uamuzi mzuri, lakini ni uamuzi, filamu haikuutoa. Kadhalika machweo ya majua mawili yalitungiwa muziki mara mbili: Williams aliandika kipande kimoja, kisha akaandika kingine kwa kutumia lahani ya Ben kwa kuwa Lucas alitaka hivyo. Cha pili ndicho kilichomo katika filamu. Toleo la 1997 limeweka cha pili mahali pake na cha kwanza kando, mwishoni mwa CD ya kwanza, kama mhariri wa utenzi anavyolitia tini neno la mswada mwingine.

Mtu aweza kusema: basi na tufuate namba za mtunzi mwenyewe. Kwa kweli vipande vya filamu hutiwa namba. Desturi ya watunzi wa Marekani ni kuandika kwanza namba ya gombo la filamu, kisha herufi M, kisha nafasi ya kipande katika gombo hilo. Kwa hiyo 7M2 ni kipande cha pili cha gombo la 7. Gombo la futi 1,000 la filamu ya milimita 35 huchukua dakika 11 na kidogo, kwa hiyo namba hizo ni kama namba za kurasa. Tatizo ni kwamba kurasa huhamishwa. Mhariri wa picha akilihamisha tukio kutoka gombo la 4 hadi la 5, namba ya kipande kilichokwisha kuandikwa yaweza kubaki vilevile, nayo ikawa inashuhudia filamu ambayo haipo tena. Wala mfuatano wa kurekodi hausaidii. Studioni vipande hurekodiwa kwa kadiri ya wapiga muziki wanaohitajika: vinavyotaka okestra nzima kwa pamoja, vya wapigaji wachache siku nyingine, ili wasiohitajika wasilipwe kwa kukaa. Kumbe kuna mifuatano minne, ule wa namba, wa studio, wa sinema na wa santuri, na hakuna miwili iliyo lazima ilingane.

Jambo hufikia ukingo wake katika filamu Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979. Jerry Goldsmith alitunga muziki wake kwa mpango alioufikiri. Scott na mhariri wake, Terry Rawlings, walivihamisha vipande, wakaviacha vingine, wakatia mahali pengine sehemu za muziki ambao Goldsmith alikuwa ameutunga kwa filamu nyingine, Freud ya 1962. Na mwisho wa filamu waliweka sehemu ya simfoni ya pili ya Howard Hanson. Sasa, mwenye kutaka kuipanga santuri ya Alien kwa mfuatano wa sinema afuate sinema ipi? Akifuata ile iliyoonyeshwa ukumbini, atalazimika kumtia Hanson, ambaye hakuitungia filamu hiyo hata noti moja, na kuweka vipande mahali ambapo mtunzi wake hakuvikusudia. Akifuata aliyoikusudia Goldsmith, atakuwa anaufuata mfuatano wa filamu ambayo haikupata kuonyeshwa popote. Mwaka 2007 kampuni ya Intrada ilitoa muziki huo kwa CD mbili, ikaweka pamoja muziki kama ulivyokusudiwa, vipande vilivyotungwa upya, na santuri ya 1979 nzima kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo njia ya mhariri mwaminifu: kutochagua kwa niaba ya msomaji pale ambapo ushahidi hauchagui.

Si kila mara filamu ndiyo inayoongoza, kwa hakika. Katika E.T. ya mwaka 1982, Steven Spielberg alimruhusu Williams aongoze okestra katika sehemu ya mwisho bila ya kutazama picha, kisha akaikata picha ifuate muziki. Hapo kusema kwamba muziki umewekwa kwa mfuatano wa sinema ni kusema nusu ya ukweli, maana sinema nayo imewekwa kwa mwendo wa muziki.

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili hawatakuta ugeni mkubwa katika haya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, mengi yake yakiwa yamezaliwa na tukio, ugomvi au jibu la siku fulani, yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, yakachapwa na William Hichens mwaka 1940. Mpango wa kitabu si mpango wa matukio. Shairi la majibizano likitengwa na lile linalolijibu, nalo huwa kama sentensi ya -ka- isiyo na mwanzo. Mchunguzi akilirudisha mahali pa tukio lake anafanya kazi ya lazima. Lakini asiseme kwamba diwani ilikuwa imekosewa, kwa sababu diwani haikuahidi kuwa tarehe. Tofauti iliyopo ni kwamba Muyaka hakuipanga diwani yake kwa mkono wake, na Williams aliipanga santuri yake. Kwa hiyo anayeivunja santuri ile anagusa kazi ya mtunzi mwenyewe, na mzigo wa kutoa sababu ni wake.

Kutokana na hayo, maneno mawili yanayopendwa katika majalada ya matoleo mapya yastahili kutumiwa kwa hadhari. La kwanza ni asili. Santuri ya 1977 ni asili kwa maana ya kutangulia kutolewa. Mfuatano wa 1997 ni asili kwa maana ya kuufuata utungo ulipotoka. Yote mawili ni kweli, na ndiyo sababu neno hilo halisaidii kitu mpaka liulizwe: asili ya nini? La pili ni kamili. Toleo lenye kila kipande cha filamu lisilo na utungo wa Leia halijakamilika kwa santuri, na santuri isiyo na vipande vidogo vya filamu haijakamilika kwa sinema. Afadhali kusema toleo la mfuatano wa sinema na toleo la mtunzi.

Kwa mwenye kufundisha au kuandika juu ya muziki wa namna hii, yapo mambo ya kutenda ambayo si magumu. Atajapo fungu, ataje na mwaka wa toleo, kwa kuwa jina moja laweza kuwa na maudhui mawili. Atajapo kipande, aseme dakika na sekunde ya filamu ambapo kinasikika, tena aseme ni filamu ya mwaka gani, maana Star Wars yenyewe ilihaririwa upya mwaka 1997, na dakika za matoleo hayo mawili hazilingani. Akipanga upya kwa mkono wake, aandike orodha ya alipokata na alipounga, na ile santuri ya kwanza aiache nzima katika kabati, bila ya kuigusa.